Taa, Mkojo na Gome la Mkwinini: Historia ya Kumuuguza Kijana Mwenye Lupasi

Mwaka 1900, London Hospital, hospitali iliyohudumia watu maskini wa mashariki mwa jiji la London, ilipokea taa ngeni kutoka Denmark. Aliyeitoa ni Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza. Mwaka uliofuata akawa malkia. Taa ilining'inia katikati ya chumba. Miale yake ilishuka kupitia mirija minne yenye lenzi za kwatzi, na chini ya kila mrija alilala mgonjwa mmoja. Kando yake aliketi muuguzi aliyevaa miwani ya giza, mkononi ameshika kidude cha kwatzi kinachopitisha maji baridi. Kazi yake ilikuwa kukikandamiza kidude hicho juu ya kidonda, usoni pa mgonjwa, ili damu isogee pembeni na mwanga upenye ndani ya ngozi. Kikao kimoja kiliweza kuchukua saa nzima, na sehemu iliyopata tiba haikuzidi upana wa sarafu. Siku nyingine walihamia doa jingine. Matibabu ya mtu mmoja yalienda miezi, pengine miaka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu cha ngozi, kidonda kinachokula pua, mashavu na midomo polepole. Madaktari wa wakati ule waliuita lupasi. Mvumbuzi wa taa, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43. Lakini ile saa nzima ya kukaa bila mkono kutetereka, macho yakiwa hayaondoki kwenye ngozi ya mtu mwingine, ilikuwa ya wauguzi wa Eva Lückes, metroni wa hospitali hiyo tangu 1880. Vitabu vya tiba vimeihifadhi picha ya taa vizuri kuliko majina yao.

Tatizo ni kwamba jina hilohilo lilibebwa pia na ugonjwa wa pili, usiohusiana kabisa na kifua kikuu. Huo wa pili ndio unaoitwa lupasi leo. Kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo, moyo, mapafu, hata ubongo. Paris, katika hospitali ya Saint-Louis, Laurent Biett na mwanafunzi wake Alphée Cazenave ndio walioanza kuutenga na magonjwa mengine ya ngozi. Vienna, katika miaka ya 1840, Ferdinand von Hebra alieleza upele wake unaotanda mashavu yote mawili na kuvuka pua kwa umbo la kipepeo.

Na mwanga unaoponya ugonjwa wa kwanza huuamsha huu wa pili. Jonathan Hutchinson, daktari wa upasuaji wa London Hospital hiyohiyo, alikuwa amekwisha kuona kabla ya karne kuisha kwamba jua linawadhuru wagonjwa hawa. Kwa hiyo katika jengo moja, chini ya jina moja, palikuwa na mgonjwa wa kuwekwa kwenye mwanga na mgonjwa wa kufichwa mwanga. Aliyewapokea wote wawili mlangoni ilimbidi ajue kuwatofautisha.

Kwa muda mrefu lupasi ilihesabiwa kuwa shida ya ngozi tu. Aliyeivunja dhana hiyo ni Moriz Kaposi, mkwe wa Hebra, aliyeandika mwaka 1872 juu ya wagonjwa waliokuwa na upele pamoja na homa, maumivu ya viungo, kukonda na upungufu wa damu, na wengine wakafa. Ng'ambo ya Atlantiki, katika hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore, William Osler alianza mwaka 1895 kuchapisha habari za wagonjwa ambao upele wao uliandamana na maradhi ya ndani. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wawili vijana ambao figo zao zilishindwa, wakafariki ndani ya miezi kumi tangu upele ulipojitokeza usoni.

Miezi kumi. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini historia ya ugonjwa huu haiwezi kuandikwa kwa majina ya madaktari peke yake. Osler hakuwa na dawa ya kuwapa wanawake wale. Alichokuwa nacho kitandani pao ni chati ya joto, mizani, na mtu wa kuvisoma. Johns Hopkins ilikuwa imefungua shule ya wauguzi mwaka 1889 chini ya Isabel Hampton, na katika shule za namna ile muuguzi alifundishwa kupima mkojo kwa mkono wake. Alijaza mrija wa kioo karibu robo tatu, akaushika kwa chini, akachemsha sehemu ya juu kwenye moto. Ukungu mweupe ulipojitokeza, alidondosha matone machache ya asidi ya siki. Ukungu ukitoweka, zilikuwa chumvi tu. Ukibaki, ilikuwa protini, na maana yake figo zinavuja. Kipimo hicho kiligharimu moto na matone mawili matatu ya siki, na kilitoa habari ya figo kabla miguu haijavimba.

Dawa ya kwanza yenye manufaa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mwaka 1894, Joseph Frank Payne wa hospitali ya St Thomas' jijini London aliwaeleza madaktari wenzake kwamba kwinini iliwasaidia baadhi ya wagonjwa wake wa lupasi. Hospitali hiyo ndiyo ambamo Florence Nightingale alianzisha shule yake ya wauguzi mwaka 1860. Kwinini, kama ajuavyo kila mtu aliyekulia penye mbu, ilikuwa dawa ya malaria, iliyotoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini. Afrika Mashariki iliujua mti huo kwa karibu. Wajerumani waliupanda Amani, milima ya Usambara, walikofungua taasisi ya utafiti mwaka 1902, na katika Vita Kuu ya Kwanza kwinini iliyotengenezwa huko iliwasaidia wanajeshi wa kamanda wao Lettow-Vorbeck walipokuwa wamezingirwa. Baadaye mashamba ya mkwinini yalienea Kivu, na Bukavu ikawa na kiwanda cha kwinini.

Vita Kuu ya Pili ilisukuma mbele matumizi ya dawa za malaria kwa lupasi. Wajapani walipoteka Java mwaka 1942, kwinini ya dunia karibu yote ikawa mikononi mwao, na majeshi ya Uingereza na Marekani yakageukia mepakrini, kidonge cha kutengenezwa maabara. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma, wale wa Divisheni ya 11 waliopita Bonde la Kabaw mwaka 1944, walikuwa katika jeshi lililomezeshwa vidonge hivyo kwa amri, kila siku, ngozi ikigeuka manjano. Miaka michache baada ya vita, mwaka 1951, daktari Mwingereza Francis Page aliandika kwamba mepakrini imewapa nafuu wagonjwa wake wa lupasi. Zikafuata ndugu zake: klorokwini, kisha haidroksiklorokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1955. Hii ya mwisho ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi mpaka leo.

Kizazi kizima cha Watanzania na Wakenya kinaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na kwa mwasho wa ngozi uliomfanya mtu ajikune usiku kucha. Vimelea vya malaria vilipoizoea, Kenya iliiondoa kama tiba ya kwanza mwaka 1998, na Tanzania ikafuata mwaka 2001. Kwa malaria ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa mgonjwa wa lupasi ulimaanisha kwamba dawa ya jamii aliyoihitaji, iliyokuwa ikipatikana hata katika duka la kijijini, sasa inatafutwa katika famasi kubwa za mjini, kwa bei nyingine.

Lakini dawa iliyowarudisha watu kutoka mlangoni mwa kifo ilikuwa nyingine. Mnamo Septemba 1948, katika Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota, Philip Hench na wenzake walimdunga kortizoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alitembea. Mwaka huohuo, katika hospitali hiyohiyo, Malcolm Hargraves na wenzake walichapisha habari za chembe ya pekee iliyoonekana chini ya hadubini, iliyoufanya ugonjwa wa lupasi uanze kutambulika kwa kipimo. Hench na wanasayansi wengine wawili, Kendall na Reichstein, walipata Nobel mwaka 1950. Kortizoni na homoni mwenzake, ACTH, iliyokamuliwa kutoka tezi za nguruwe wa machinjioni, zikaanza kudungwa kwa wagonjwa wa lupasi.

Mmoja wa hao alikuwa mwandishi.

Flannery O'Connor alikuwa na miaka 25 mwezi Desemba 1950, akimalizia riwaya yake ya kwanza huko Connecticut, mikono ilipoanza kuwa mizito kwenye taipureta. Daktari wa kule alidhani ni baridi yabisi. Alipanda treni kurudi kwao Georgia kwa ajili ya Krismasi, na alipofika hali ilikuwa mbaya mno. Arthur Merrill, daktari wa Atlanta, alitambua ni lupasi. Walimwongezea damu, wakamdunga homoni kwa dozi kubwa. Nywele zikakatika, uso ukavimba. Akapona kiasi cha kuondoka hospitalini, akijua kujidunga sindano mwenyewe.

Baba yake, Edward, alikuwa amekufa kwa lupasi mwaka 1941, Flannery akiwa na miaka 15. Mama yake, Regina, aliyajua yote hayo, akaamua binti asiambiwe jina la ugonjwa. Mwaka mzima na zaidi msichana yule alijidunga dawa akiamini ana baridi yabisi, mpaka rafiki yake Sally Fitzgerald alipomwambia ukweli katika kiangazi cha 1952. Regina alitenda kwa huruma, na familia nyingi za Afrika Mashariki zinafanya vivyo hivyo hadi leo: jina zito linabaki kwa shangazi na daktari, mwenye mwili anaambiwa "ni damu tu." Lakini kijana asiyejua anachougua hawezi kujikinga na jua kwa sababu anayoielewa, wala hajui kwamba kuacha ghafla steroidi, dawa za jamii ya kortizoni, kunaweza kumuua.

Ukiacha kosa hilo, Regina O'Connor alikuwa muuguzi hodari kuliko wengi wenye cheti. Alimhamishia binti yake shambani Andalusia, nje kidogo ya mji wa Milledgeville, na chumba chake kikawa cha chini kwa sababu ngazi zilimshinda. Chakula kilipikwa bila chumvi. Siku iligawanywa: asubuhi saa mbili tatu za kuandika, bila mtu kumsumbua, na baada ya hapo kupumzika. Jioni ilikuwa ya barua na tausi wake. Yeyote aliyewahi kumhudumia mwenye lupasi anautambua mpango huo: nguvu ya siku ni haba, kwa hiyo itumike kwanza kwa kile mgonjwa anachokipenda, kabla uchovu haujafika. Kufikia mwaka 1955 mifupa ya nyonga ilikuwa imemlazimisha kutembea kwa magongo. Katika mpangilio huo alikamilisha riwaya mbili na hadithi fupi ambazo bado zinasomwa vyuoni. Upasuaji wa mwaka 1964 uliuamsha ugonjwa upya. Hospitalini alikatazwa kufanya kazi. Akaandika kwa siri, karatasi akizificha chini ya mto. Alifariki tarehe 3 Agosti 1964, figo zikiwa zimeshindwa, akiwa na miaka 39.

Aliishi miaka 13 na zaidi tangu daktari alipoutambua ugonjwa, wakati ambapo takwimu zilizochapishwa mwaka 1955 kutoka Johns Hopkins zilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawakumaliza miaka minne. Homoni za nguruwe zilichangia. Jiko lisilo na chumvi na mlango uliofungwa asubuhi vilichangia pia, na ni haki viandikwe katika hesabu moja.

O'Connor alikuwa mzungu katika Georgia ya ubaguzi. Grady, hospitali kubwa ya umma ya Atlanta, iliwalaza weusi na weupe katika pande mbili tofauti, na ni weusi ambao ugonjwa huu uliwalenga zaidi. Mwaka 1974 W. J. Fessel alichapisha hesabu kutoka San Francisco: kwa wanawake wa miaka 15 hadi 64, mmoja kati ya 700 alikuwa na lupasi, kwa wanawake weusi, mmoja kati ya 245. Hakuna shamba la Andalusia lililowangoja wengi wao.

Kama ni hivyo, mbona Afrika yenyewe ilionekana haina lupasi? Brian Greenwood, daktari aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, alilishangaa jambo hilo mwaka 1968, akapendekeza kwamba huenda malaria ya mara kwa mara inaituliza kinga ya mwili. Yeye na wenzake waliwaambukiza vimelea vya malaria panya wanaopata ugonjwa unaofanana na lupasi, na kweli ugonjwa wao ukapungua. Ni wazo zuri, na halijazikwa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine isiyohitaji panya: kipimo cha kingamwili hakikuwapo, na homa yoyote iliitwa malaria. Kila palipofunguliwa kliniki ya magonjwa ya viungo, Nairobi, Lagos, Dakar, Johannesburg, wagonjwa wa lupasi wamejitokeza, wengi wao wanawake vijana, kama kwingineko duniani, ambako kati ya wagonjwa kumi, tisa ni wanawake.

Hata upele wa kipepeo uliwapita watu machoni. Picha za vitabuni zilipigwa kwa nyuso nyeupe, ambako upele huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi hujitokeza kama weusi uliozidi, au zambarau, au kijivu, na ukipoa huacha mabaka. Muuguzi aliyefundishwa kutafuta wekundu hauoni.

Kisha kuna steroidi na macho ya majirani. Msichana wa mwaka wa pili chuoni anaanza prednisoloni. Baada ya wiki kadhaa uso umekuwa wa duara. Mtaani anaambiwa amenawiri, amenenepa, chuo kimemkubali. Nyumbani anavua kilemba, na kichwani nywele zimebaki vishungi. Miezi michache kabla, alipokuwa amekonda na ana vidonda kinywani, minong'ono ilikuwa ya aina nyingine. Si ajabu kijana kama huyo akaona vidonge ndivyo vinavyomharibu na kuviacha. Muuguzi wa kliniki anapaswa kulijua hili kabla hajahesabu vidonge vilivyobaki. Amweleze kwamba uso utapungua kadiri dozi inavyoteremshwa na daktari, kwamba vidonge vinamezwa asubuhi baada ya kula, na kwamba akitapika au akiishiwa dawa arudi hospitali siku hiyohiyo.

Tangu miaka ya 1980 mzigo wa muuguzi umeongezeka. Majaribio yaliyofanywa na taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1986, yalionyesha kwamba saiklofosfamidi ya dripu huokoa figo. Muuguzi ndiye anayeitundika, anahakikisha mgonjwa anakunywa maji ya kutosha ili kibofu kisiungue, na ndiye ambaye msichana wa miaka 22 humnong'oneza swali alilolionea haya mbele ya daktari: je, nitazaa? Dawa hiyo inaweza kuharibu ovari, na swali hilo lijibiwe kabla ya dripu ya kwanza. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1991 ulionyesha jambo jingine la kumwambia: walioacha haidroksiklorokwini walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu wa ugonjwa kuamka kuliko walioendelea. Katika miaka yote tangu 1955, Marekani haikuidhinisha dawa nyingine mpya ya lupasi mpaka belimumabu, Machi 2011.

Kwa hiyo ule mti wa Usambara na Kivu, kupitia uzao wake wa maabara, bado unabeba wagonjwa wengi. Hilo lilionekana Machi 2020, dunia ilipoikimbilia haidroksiklorokwini kwa tumaini la kutibu korona. Wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi walifika famasi wakakuta rafu tupu. Majaribio makubwa yalionyesha baadaye kwamba haiwasaidii wagonjwa wa korona waliolazwa.

Na kazi ile ya mrija juu ya moto? Tangu miaka ya 1950 imeingia ndani ya kijiti cha kuchovya, kinachobadilika rangi kwa dakika moja. Hakihitaji maabara, na kimezoeleka katika kliniki za wajawazito Afrika Mashariki, kwa sababu protini kwenye mkojo inaweza kuwa dalili ya onyo ya kifafa cha mimba. Kando yake pana mashine ya shinikizo la damu. Vyote viwili viko umbali wa mlango mmoja na benchi la wagonjwa wa nje, ambako msichana wa miaka 20 amerudi kwa mara ya tatu na homa isiyo na malaria, vidole vinavyouma asubuhi na nywele zinazobaki kwenye kitana. Muuguzi akienda kuchukua kijiti kimoja upande wa pili, jibu la figo linaweza kupatikana siku hiyohiyo, kabla msichana hajaandikiwa tena dawa ya taifodi na kurudishwa nyumbani.